Gunia la Mata

Mwezi wa pili mwaka 2022 niliteremshwa kwenye matatu katikati ya barabara ya Taveta kwenda Voi kwa ajili ya gunia. Konda alikuwa amelipandisha juu ya keria pamoja na mikungu ya ndizi, na gari lilipofunga breki kwenye kizuizi, gunia likalia kama kengele za ng'ombe. Askari akainua macho. Ndizi hazilii hivyo.

"Ya nani hii?"

Nikasema ni yangu.

"Fungua, mzee."

Nikamwaga kila kitu kando ya lami, abiria wakichungulia madirishani. Kulikuwa na matanzi ya waya kumi na moja, vipande vya tairi la lori, kufuli isiyo na ufunguo, ndara tano ambazo hakuna mbili zilizofanana, na koroboi iliyotengenezwa kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, kisha ikatupwa kama mkebe ulivyotupwa mara ya kwanza. Chini kabisa lilikuwapo ganda la risasi, lililogeuka kijani kwa kutu ya shaba.

Ilikuwa miezi mibaya kwa mtu wa kubeba vyuma. Januari ile minara ya umeme ilianguka Nairobi, karibu nchi nzima ikakaa bila stima, na serikali ikasema vyuma vya minara hiyo vilikuwa vimeibwa. Tarehe 20 mwezi huohuo, Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu. Marufuku iliondolewa miezi michache baadaye, lakini siku ile kila mwenye gunia linalolia alikuwa mshukiwa.

"Unaenda kuuza wapi?"

"Siuzi, afande. Ni vya sanaa."

Akaitazama kufuli, akazitazama ndara, kisha akaniuliza kama nina mke. Abiria wakacheka, nami nikajua nimesalimika. Lakini aliposhika lile ganda la risasi hakucheka. Alilinusa, akaligeuza, akaniuliza limetoka wapi. Nikamwambia niliokota upande wa Salaita, ni la vita vya Mjerumani. Akalirudisha mwenyewe ndani ya gunia, taratibu, kana kwamba lingeweza kuamka. Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa ni nani alikuambia uokote hivi, ukaacha vile vingine?"

Sura hii ni jibu langu kwake, limechelewa kidogo.

Mata ni kata ya Taveta, kusini kuelekea Ziwa Jipe. Asubuhi ikiwa safi, Kilimanjaro inaonekana ng'ambo ya mpaka kama imesogezwa usiku, na milima ya Upare imelala nyuma ya ziwa. Ni nchi ya ndizi, mkonge, ng'ombe na barabara. Mtu anayedhani mahali kama hapa pamejaa takataka za kuokota bure hajawahi kujaribu kuziokota. Huku kwetu takataka ina wenyewe. Chupa ya plastiki ni ya mama muuza maziwa. Mkebe ni wa fundi wa koroboi, au wa mtoto anayetaka magurudumu ya gari la waya. Tairi lililokwisha ni la fundi wa akala, na chuma chochote kinachozidi uzito wa kijiko ni cha mwenye mizani kule Voi, anayenunua kwa kilo. Kilichobaki baada ya hao, mbuzi wanakionja kwanza.

Mwaka 1942, Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani, Pablo Picasso aliokota kiti cha baiskeli na usukani kwenye rundo la vitu vilivyotupwa, akaviunganisha, akapata kichwa cha fahali. Wanafunzi wa sanaa duniani kote huonyeshwa picha yake. Kila nikiitazama huwa nawaza jambo moja tu: ni nani huyo aliyetupa kiti na usukani kwa pamoja? Taveta, kabla baiskeli haijafika hali hiyo, usukani umeshahamia kwenye baiskeli nyingine, na kiti kimeshaazimwa na jirani ambaye hakukirudisha.

Kwa hiyo msanii wa kuokota hapa kwetu hana uhuru kama watu wanavyodhani. Anaokota kile ambacho hakuna aliyekipangia bei. Mahali penyewe pamechagua kwanza, yeye amekuja wa mwisho, na ile foleni iliyo mbele yake ndiyo inayompa kazi yake sura.

Nilianza kuliona hili nilipokumbuka vikapu vya nyanya yangu. Alisuka maisha yake yote, na hakununua rangi hata siku moja. Katani aliipata kwa kuparua majani ya mkonge kwa panga butu juu ya gogo, au kwa kufuata njia ya matrekta ya shamba na kuokota iliyodondoka. Aliisokotea pajani, viganja vikiwa na jivu kidogo ili nyuzi zisiteleze, mpaka ngozi ya paja lake ikawa ngumu na yenye kung'aa kama ubao wa kusukumia chapati. Hiyo ilimpa rangi moja, ile nyeupe ya katani inayoelekea manjano. Rangi nyingine zilitoka kwenye masweta.

Sweta likishachanika viwiko, akishavaa mkubwa, akashuka wa kati, akashuka mdogo, lilikwenda kwa nyanya. Alilifumua kuanzia pindo la mkono, uzi ukitoka umejikunjakunja kama nywele, akaulowesha maji na kuufunga kwenye jiwe ili unyooke. Kisha alisokota uzi wa sufu pamoja na uzi wa katani, kwa sababu sufu peke yake huvutika na kikapu kingekaa kama soksi. Vikapu vya miaka ile kijijini vilikuwa na mistari mingi ya maroni. Watafiti wa mila wangeweza kuandika kurasa kumi juu ya maana ya maroni kwa watu wa huku. Maana yake ni kwamba sare ya shule yetu ilikuwa maroni.

Na upana wa mistari? Nilipokuwa mtu mzima nilichukua kikapu chake kimoja, nikakipima kwa kamba. Kila mstari wa maroni ulikuwa karibu sawa na mwingine, lakini haukuwa sawa kabisa. Nilimuuliza mama kwa nini nyanya hakuhesabu mizunguko ili mistari ilingane. Akanijibu kama mtu anayemweleza mtoto kwamba mchana kuna jua: "Mstari ulikwisha mkono wa sweta ulipokwisha."

Jibu hilo limenifunza sanaa kuliko shule. Mtindo wa nyanya, ule ambao jirani angeutambua hata sokoni kati ya vikapu hamsini, ulikuwa ni urefu wa mkono wa sweta la mtoto wa darasa la nne. Hakukaa chini akaubuni. Alikubali kipimo alicholetewa, akakirudia mpaka kikawa chake. Kisha, na hapa ndipo alipokuwa msanii, akaanza kuchezea kipimo hicho: mkono wa sweta la mkubwa aliuweka chini, penye tumbo la kikapu, na wa mdogo aliuweka juu, karibu na mdomo, ili mistari ipungue kadiri jicho linavyopanda.

Shangazi yangu alimrithi kwa vitu vya zama zake. Yeye alitumia majuala, ile mifuko ya plastiki ya dukani, akiikata utepe mmoja mrefu wa kuzunguka na kuifuma kwa sindano ya kushona magunia. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ikapiga marufuku mifuko hiyo, na adhabu ikawekwa kufikia shilingi milioni nne au miaka minne jela. Mimi nilishangilia, maana nilikuwa nimechoka kuiona ikipepea kwenye miiba kama maua ya shetani. Shangazi hakushangilia. Kwa miezi kadhaa alisuka kwa akiba aliyoificha chini ya kitanda, kisha akahamia kwenye nyuzi za magunia ya plastiki ya mahindi, ambazo ni nyembamba, nyeupe na zenye ukaidi. Mikoba yake ikabadilika: ikawa migumu, yenye pembe, na haikunjiki. Wateja wakamsifu kwa ubunifu. Aliniambia kwa siri kwamba ule ubunifu ulikuwa ni wa serikali.

Kwa msanii anayejulikana duniani, jambo hili hili linaitwa kwa jina lingine, lakini ukilisogelea ni lilelile. Dickens Otieno, aliyekuwa miongoni mwa wasanii wa banda la Kenya kwenye maonyesho ya Venice mwaka 2022, hukata mikebe ya soda na bia kuwa tepe nyembamba na kuzisuka kama mtu anayesuka mkeka, mpaka bati linaning'inia ukutani kama kitambaa. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Tazama yanapokutana mambo mawili: nyumba ya nguo na barabara ya mikebe. Hakuna hata moja kati ya hayo aliloliagiza.

Cyrus Kabiru naye alizaliwa Nairobi mwaka 1984, akakua akitazamana na jaa la taka. Amesimulia mara nyingi kwamba alitamani miwani utotoni, na baba yake, ambaye miwani ilikuwa imemletea taabu tangu udogoni, akamwambia kama anataka basi ajitengenezee. Akajitengenezea. Miwani yake ya waya, vijiko, vifuniko na vipande vya redio imevaliwa na kupigwa picha mabara yote. Watu hupenda kusema kwamba Kabiru aliokoa taka. Mimi naona taka zilimwokolea muda. Mtoto mwenye hela za rangi hutumia miaka akijiuliza achore nini. Kabiru kila asubuhi alipewa swali lililokwisha kuandikwa: hiki kijiko kilichopinda kinaweza kukaa juu ya pua ya mtu?

Nirudi kwenye matanzi, maana ndiyo yaliyokuwa mengi kwenye gunia, na ndiyo yaliyonifunza kwa ukali zaidi.

Tanzi ni mtego wa mnyama. Ni waya uliofungwa kitanzi upande mmoja, ukafungwa kwenye mti upande wa pili, ukatandazwa njiani anapopita dikidiki au swala au, kwa bahati mbaya, mtoto wa ndovu. Kuzunguka Tsavo mitego hii haihesabiki. Vikosi vya Sheldrick Wildlife Trust vinavyoshirikiana na Shirika la Wanyamapori vimeondoa zaidi ya 150,000 kwa miaka mingi ya kutembea kichakani. Yangu niliyatoa nje ya hifadhi, kwenye vichaka vya mipaka ya mashamba, mengine yakiwa yameshasahauliwa na aliyeyatega.

Kuna waya wa aina mbili, na mkono hujua kabla ya jicho. Waya uliotolewa kwenye tairi lililochomwa ni mweusi na mlaini. Moto umeuondolea ubishi. Unaupinda, unakaa. Waya uliotoka kwenye kebo ya kuvutia magari ni mng'avu, mkavu, na ukiupinda unakuchapa. Nilianza na mpango wa kutengeneza wanyama, kama kila mtu. Kule Pakwach, Uganda, karibu na hifadhi ya Murchison Falls, mradi wa Snares to Wares umekuwa ukifanya hivyo vizuri sana: vijana husokota waya wa mitego kuwa twiga, ndovu na simba wadogo, na mtego unamrudia yule yule uliyekuwa umtege. Nikasema nami nitafanya nyati.

Nilitumia wiki tatu kunyoosha matanzi. Niliyapiga nyundo juu ya reli ya zamani, nikayavuta kwa koleo, nikayafunga kwenye mti na kuning'inia kwa uzito wangu wote. Waya wa tairi ulinyooka. Waya wa kebo ulinyooka mchana, na usiku ukajikunja tena. Naapa nilikuwa nikisikia bati la kibanda likikwaruzwa saa nane za usiku. Asubuhi nilizikuta duara zangu sakafuni, kila moja imerudi karibu na upana wake wa kwanza, upana wa shingo.

Siku ya nne ya wiki ya nne niliacha kubishana. Nikayatundika matanzi kwenye boriti yalivyokuwa, kila moja kwa kimo cha shingo ya mnyama ambaye lilitegewa: ya dikidiki karibu na magoti yangu, ya pofu usawa wa kifua, na moja, nene kama kidole, juu ya kichwa changu. Sikuongeza kitu. Nyati wangu hakuzaliwa. Ila mtu akiingia kibandani hujikuta akipinda mwili kupita kati ya vitanzi, akiinama, akikunja bega, na kabla hajaambiwa chochote ameshatembea kama swala. Tangu hapo nimeacha kuchora kazi kabla ya kuokota. Naokota, naweka, nangoja kitu kinipinge.

Kungoja ndiko kugumu. El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi Nsukka, Nigeria, kwa miongo mingi, aliokota mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe mwishoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya hapo alikuwa ameshafanya kazi na vifuniko vya mikebe ya maziwa na mbuzi za mihogo zilizoshika kutu. Ule mfuko ulikaa kwenye karakana yake miezi kadhaa bila kazi. Kisha akaanza kuvibonda vifuniko, kuvitoboa na kuvishona kwa waya wa shaba, na yakatoka mapazia makubwa ya chuma yanayokunjika kama kanga, ambayo yalimfikisha kwenye tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka 2015. Wengi wanazungumzia mapazia. Mimi navutiwa na ile miezi mfuko ulipokaa pembeni, akiupita asubuhi na jioni. Mtu angeweza kumwambia autupe, na angekuwa na haki.

Mke wangu (ndiyo, afande, ninaye) ana haki kama hiyo mara nyingi. Akiba haiozi, wanasema wahenga, lakini yangu inashika kutu, inaingia nge, na mwaka mmoja ilileta mchwa waliokula mlango. Zaidi ya nusu ya ninachookota hakijawa kitu na hakitakuwa. Vile vipande vya tairi bado viko nyuma ya nyumba. Zile ndara nilizipa kazi nikashindwa, nikaona haya zaidi nilipokumbuka kwamba Lamu, Ali Skanda na mafundi wenzake waliunda jahazi zima la mita tisa kwa tani kumi za plastiki, wakalivika ndara 30,000, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Mimi ndara tano zimenishinda.

Kuna maneno yanayopendwa sana kwenye warsha, kwamba taka ni mali. Nimekaa kwenye warsha hizo, nikala chai na mandazi yake, na sina neno baya juu ya mandazi. Lakini hesabu yake hainiingii. Gunia langu la siku ile, kwa mwenye mizani, lingepata pesa isiyotosha nauli ya kulifikisha. Na ukimwambia kijana wa Mata aokote kwa sababu ataokoa mazingira, ataokota mpaka picha ipigwe, basi. Kuokota kunakomjenga msanii ni tabia kama kutafuna mswaki njiani: hufanyi kwa ajili ya mtu, hufanyi kwa ratiba, na siku usipofanya mdomo unahisi vibaya. Baada ya miaka jicho linaanza kukaa chini. Unajua mwezi kwa kinachotupwa. Unaona kwamba mashimo ya lami yameongezeka kwa sababu vipande vya tairi vimeongezeka.

Limebaki lile ganda la risasi.

Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Mwingereza, wengi wao Waafrika Kusini waliokuwa wametoka tu melini, walikishambulia kilima cha Salaita, mashariki ya Taveta, wakarudishwa na askari wa Mjerumani. Mwezi uliofuata wakapigana tena Latema na Reata. Reli ya kutoka Voi ilisogezwa huku kwa ajili ya vita hivyo. Nyuma ya kila mwenye bunduki walikuwapo wapagazi, watu wa kariakoo, waliokufa kwa maelfu na maelfu kwa homa, njaa na kuhara. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Kule Msumbiji, silaha za vita vilivyokwisha mwaka 1992 zilikusanywa na Baraza la Kikristo, watu wakazibadilisha kwa majembe na vyerehani, na mwaka 2001 msanii aitwaye Kester akaunganisha vipande vya bunduki kuwa kiti cha enzi, ambacho sasa kiko British Museum, London. Nakiheshimu kiti kile. Lakini Kester alishika silaha za vita vya watu wake, na wengi waliozishika walikuwa bado hai. Mimi na ganda langu sikujua ninamsemea nani. Aliyefyatua alitoka mbali, aliyefyatuliwa huenda alitoka mbali zaidi, na aliyebeba sanduku la risasi kichwani ndiye babu wa mtu fulani hapa.

Likakaa dirishani miaka mitatu. Nililisugua mara moja kwa ndimu na majivu, likang'aa, nikajuta, nikaliacha mpaka kijani kikarudi. Nilijaribu kulitundika kati ya matanzi. Likaonekana kama pambo.

Juzi mtoto wa dada yangu, wa miaka tisa, alikuja likizo. Alilichukua dirishani bila kuuliza, akalipangusa kwa fulana yake, akaweka mdomo wa ganda chini ya mdomo wake, akapuliza kwa pembeni. Likatoa sauti moja nyembamba, ya juu, iliyovuka ua mpaka kwa jirani. Mbuzi wakainua vichwa. Akapuliza tena.

Nimemwomba anirudishie. Amekataa.